Mama na Mtoto, Sehemu ya 6: Farasi Aliyekumbuka Kiboko

 Wiki iliyopita niliahidi tuongee kuhusu watoto wanaoogopa sindano. Ahadi iko palepale, ila leo nitapita njia ndefu kidogo. Nitapitia kwa farasi, nivumilieni.

Mwaka 1922 kampuni ya Fox ya Marekani ilitoa sinema ya kauboi iitwayo Just Tony. Ilikuwa sinema bubu: picha zinatembea, hakuna sauti ya mtu, maneno machache tu yanaandikwa kwenye skrini. Kauboi mwenyewe alikuwa Tom Mix, nyota mkubwa kwelikweli wa wakati ule. Lakini jina la sinema si lake. Ni la farasi wake, Tony.

Hadithi ilitoka kwa mwandishi Max Brand. Farasi anapigwa na bwana wake mpaka anachukia kila kitu chenye miguu miwili. Tom Mix anaingilia kati kumtetea. Baadaye farasi anatoroka na kuwa kiongozi wa kundi la farasi pori. Kazi yote ya sinema ni kusubiri: je, huyu mnyama atamwamini binadamu tena? Na hakuna anayemwambia "samahani" akaelewa. Anaangalia mkono. Mkono ukiinuka, yeye anakumbuka kiboko.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi linanigusa sana. Kwa kuwa sauti hazikurekodiwa, enzi zile mtu anayefundisha mnyama aliweza kusimama pembeni ya kamera akawa anaongea naye muda wote. Njoo, simama, taratibu. Wa Tony aliitwa Pat Chrisman. Ninyi mnaotazama mnaona farasi ametulia, mnasema ana akili huyu! Kumbe kuna sauti anayoijua inamshika, ila hamuisikii. Sinema zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikabidi watu hao wafunge midomo na kutumia ishara za mikono.

Tony alipendwa mno. Mwaka 1927 alama za kwato zake ziliwekwa kwenye saruji mbele ya jumba la sinema la Grauman kule Hollywood, pamoja na za Tom Mix. Mix alifariki kwa ajali ya gari 1940, Tony akafa 1942, mzee kabisa.

Ila msidhani farasi wote walitunzwa hivyo. Wengine walifungwa waya miguuni ili waanguke kwa kishindo mbele ya kamera, na wapo waliovunjika wakafa. Watoto hao hao walioshangilia Tony akitetewa, Jumamosi nyingine walishangilia farasi akianguka, wasijue. Mpaka farasi mmoja alipokufa baada ya kuangushwa kutoka jabalini kwenye sinema ya Jesse James, 1939, ndipo mwaka uliofuata shirika la American Humane likafungua ofisi Hollywood kusimamia wanyama.

Haya, turudi wodini. Miaka ya nyuma tulikuwa na mtoto wa miaka 2, amelazwa na nimonia, sindano asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka. Nilimkamata mguu kwa nguvu, nikachoma, nikaondoka. Jamani, kuanzia hapo nikipita tu na sare yangu, hata nimebeba shuka, anajikunja ukutani. Mama yake akaniambia, "Muoga tu huyu, nesi." Hakuwa muoga. Alikuwa na kumbukumbu.

Siku ya tatu nilikaa kitandani kwake mikono mitupu, nikapiga stori na mama yake. Jioni nikamwomba mama ampakate, aongee naye sikioni bila kunyamaza, chochote, hata habari za kuku wa nyumbani. Nikachoma. Alilia, ndiyo. Lakini mguu aliuacha.

Sehemu ya 7 ni Jumatano: namna ya kumpakata mtoto wakati wa sindano, kwa umri wake.