Tiba ya Mchezo

Tiba ya mchezo ni njia ya kuwahudumia watoto wenye matatizo ya kihisia. Mtoto hucheza mbele ya mtaalamu aliyefunzwa, na mchezo hufanya kazi ambayo kwa mtu mzima hufanywa na mazungumzo. Hutumika zaidi kwa watoto wa miaka 3 hadi 12: waliofiwa, walioshuhudia vita au ugomvi wa nyumbani, waliolazwa hospitalini kwa muda mrefu, au wale ambao shida yao huonekana katika tabia tu, kama kurudia kukojoa kitandani, kupigana shuleni au kunyamaza kabisa.

Mtoto wa miaka 5 huwa na hofu, hasira na majuto kama mtu mzima, ila hana maneno ya kuyaeleza. Akiulizwa ana nini, hujibu hana kitu, na mara nyingi hadanganyi. Akipewa mwanasesere, mwanasesere huyo hupigwa, hufichwa, huugua na kupona. Kwa kuwa anayeteseka ni mwanasesere, mtoto huweza kulitazama jambo ambalo lingemlemea kama lingetajwa waziwazi. Nafasi nazo hugeuka: aliyechomwa sindano jana, leo ndiye daktari, na ndiye anayeamua sindano ichomwe lini na iishe lini.

Mwaka 1909 daktari Sigmund Freud alichapisha habari za mvulana wa Vienna aliyeogopa farasi, lakini tiba ile ilipitia kwa baba yake. Waliouingiza mchezo katika tiba yenyewe walikuwa wanawake. Hermine Hug-Hellmuth alitangulia, mjini humo humo. Melanie Klein, aliyehamia London mwaka 1926 akitokea Berlin, aliufasiri mchezo wa mtoto kama yanavyofasiriwa maneno ya mgonjwa mzima anayesema lolote linalomjia. Anna Freud, binti wa Sigmund, alimpinga. Kwake mchezo ulikuwa kwanza njia ya kujenga uhusiano na mtoto. Margaret Lowenfeld alifungua kliniki London mwaka 1928, akawapa watoto trei ya mchanga na sanamu ndogo za watu, wanyama na nyumba wajijengee ulimwengu wao.

Sura ya tiba hii inayojulikana zaidi leo ilitoka kwa Mmarekani Virginia Axline, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Carl Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1947. Alishikilia kwamba mtoto ndiye aongoze na mtaalamu afuate. Ipo mikondo mingine ambamo mtaalamu hupanga michezo kwa lengo maalumu, na kwa baadhi ya hofu inafaa, lakini heshima aliyoidai Axline kwa mtoto imeenea karibu kote.

Vitu vya chumba cha tiba huchaguliwa kwa makini. Huwapo vya nyumbani, kama wanasesere wa familia, sufuria na kitanda. Vya kutolea hasira, kama askari na wanyama wakali. Na vya kuumbia, kama udongo, rangi na mchanga. Michezo ya kompyuta huepukwa kwa sababu huja na hadithi yake tayari. Si lazima vitu viwe vya dukani. Gari la waya, mwanasesere wa vitambaa na mafiga matatu yenye chungu vinatosha, na kwa mtoto wa kijijini huenda vikafaa zaidi, maana ndani yake anaiona nyumba anayoijua.

Kikao huchukua dakika 30 hadi 50, kwa kawaida mara moja kwa wiki, katika chumba kilekile, na vitu vikiwa mahali pake palepale. Mtaalamu hafundishi wala haulizi kwa nini. Hutamka anachokiona: "Umemfungia mlango. Hutaki aingie." Kijiko kikiitwa ndege, ni ndege. Hata sifa hutolewa kwa uangalifu, kwani mtoto anayesifiwa kila mara huanza kucheza ili apendeze. Mipaka ipo, lakini ni michache: kutojiumiza, kutomuumiza mtaalamu, kutoharibu vitu kusudi. Mpaka ukivukwa, hisia hutajwa kwanza, kisha mpaka, kisha njia nyingine: "Umenikasirikia. Mimi sipigwi. Unaweza kuupiga mto." Mtoto aliyelelewa kungoja ruhusa ya wakubwa anaweza kukaa vikao kadhaa bila kugusa kitu. Kungoja huko hakupaswi kuitwa ukaidi, wala kuharakishwa.

Haitoshi, hata hivyo, kumwachia mtoto aliyepatwa na kiwewe acheze peke yake. Julai 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa pamoja na dereva wa basi lao la shule, wakafukiwa ndani ya trela kwa takriban saa 16 kabla ya kujinasua. Daktari wa akili Lenore Terr aliwachunguza, akaona baadhi yao wakirudia mchezo uleule wa kutisha bila kupata nafuu. Mbele ya mchezo wa namna hiyo mtaalamu hufungua mwanya: humpa mateka msaidizi, au huuliza mwanasesere anahitaji nini sasa. Hadithi ikianza kubadilika, hata kidogo, ni dalili njema.

Wazazi nao wana nafasi kubwa. Katika miaka ya 1960 Bernard na Louise Guerney walianza kuwafundisha wazazi kuendesha vikao hivi wenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliojumlisha tafiti 93 za tiba ya mchezo, uliona manufaa makubwa, na makubwa zaidi pale mzazi aliposhirikishwa.

Tiba hii isichanganywe na maeneo rafiki kwa watoto yanayoanzishwa katika kambi za wakimbizi. Huko mchezo humrudishia mtoto utaratibu na usalama, jambo lenye thamani kubwa, lakini anayehitaji tiba apelekwe kwa mtaalamu. Vilevile mchezo si ushahidi. Mtoto akimvua mwanasesere nguo au akimzika, yawezekana ameona, amesikia au amewaza tu. Mtaalamu anayeshuku ukatili haongezi maswali ya kumwelekeza mtoto kwenye jibu. Huandika alichokiona na kukifikisha kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto.