Upelelezi wa Ujirani

Istilahi "riwaya ya upelelezi" imekwisha kuzoeleka katika uhakiki wa Kiswahili. Lakini lipo tawi lake moja ambalo bado halina jina: hadithi za mji mdogo, ambamo mauaji hutokea msomaji asiyaone, na anayefumbua fumbo si polisi bali mkazi wa hapo hapo, mara nyingi akisaidiwa na paka. Jina lake la Kiingereza likifasiriwa neno kwa neno litatoa "fumbo la starehe", nalo halimwelezi msomaji chochote. "Upelelezi wa ujirani" unafaa zaidi, kwa sababu hadithi hizi zinasimama juu ya ujirani. Kila mtuhumiwa ana jina, ukoo na deni dukani.

Paka alipata umaarufu katika tawi hili kupitia Lilian Jackson Braun wa Marekani, aliyemleta Koko, paka wa Siam, mwaka 1966. Koko hasemi. Hunusa, hukwaruza, huangusha kitabu rafuni. Kutafuta maana ya vitendo hivyo ni kazi ya mwenyeji wake, mwandishi wa habari Jim Qwilleran.

Kwetu, mhusika aliye karibu zaidi na tawi hili ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyechapishwa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Msa ana kiko na akili, si cheo. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi, na huyo ni wa tawi jingine kabisa.

Mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, ungelifaa sana tawi hili. Bonde hilo limekwisha kutoa kisa halisi cha mtuhumiwa asiyedhaniwa: watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walibaini kuwa mbu Anopheles funestus, japo hunaswa kwa uchache kuliko Anopheles arabiensis, ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni.

Sasa tuseme ni msimu wa mavuno, na magunia ya mpunga yametoweka ghalani usiku. Mlinzi anaapa kwamba mlango haukufunguliwa. Paka wa ghala, aliyefugwa kwa ajili ya panya, asubuhi anaonekana nje ya mashine ya kukoboa ya jirani, miguu imejaa pumba mbichi, ilhali mwenye mashine anadai hajakoboa wiki nzima.

Waandishi wa Ifakara, Mlimba na Kidatu, kisa hicho kimalizieni.