Kamembe, Mji wa Laini Mbili

Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu, huitenga Rusizi, wilaya ya Rwanda ulimo mji wa Kamembe, na Bukavu ya Kongo. Watu huuvuka darajani, karatasi mkononi. Mawimbi ya simu hayaulizwi karatasi: simu iliyo Kamembe huweza kudaka mnara wa Bukavu, na mwenyewe akashtukia unite za salio zimekwisha. Ndiyo maana mchuuzi wa hapa hutembea na laini mbili, ya 250 ya Rwanda na ya 243 ya Kongo. Akishukia Bugarama, kwenye mpaka wa Burundi, huhitaji na ya 257.

Kwa simu za mkononi, Kongo ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1986, enzi za Zaire, Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel, mojawapo ya kampuni za kwanza za simu za mkononi Afrika. Wateja wake walikuwa vigogo na matajiri wa Kinshasa. Rwanda ilisubiri MTN hadi 1998.

Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Kongo iliwaachia wafanyabiashara: Celtel ikaja 2000, Vodacom 2002, na minara ikafuata penye pesa. Hata M-Pesa ya huko hubeba dola na faranga. Nchini Rwanda, serikali ndiyo iliyoshika usukani. Ilitandaza mkongo wa intaneti hadi wilayani, kisha mwaka 2013 ikaingia ubia na Korea Telecom: kampuni moja ijenge 4G na kuiuza kwa jumla, nyingine ziiuze rejareja. Uhodhi huo ulilegezwa baadaye, na 2023 MTN ikawasha 4G yake. Soko la Burundi lilipata mshindani mkubwa mwaka 2015, Lumitel ya Wavietnamu.

Jiografia nayo ina lake. Kongo ina mkongo wa baharini huko Muanda, pwani ya Atlantiki, lakini Bukavu iko karibu zaidi na Dar es Salaam, pwani ya mashariki, kuliko na Muanda.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilishusha gharama za kupigiana simu. Nairobi ikasogea, Bukavu, ambayo Kamembe huiona kwa macho, ikabaki nje. Wakati huo Kongo haikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga, jijini Nairobi. Mchuuzi wa Kamembe hajaitupa laini yake ya pili.