Sahani Inayozunguka: Mashine ya DJ kutoka Gramafoni ya Springi hadi Kumbi za Tunduma

Ingia ukumbi wa harusi Tunduma Jumamosi usiku uiangalie meza ya DJ. Pembeni ya kompyuta mpakato utaona kifaa cha plastiki chenye sahani mbili za mviringo. Sahani hizo hazina wimbo wowote juu yake, maana nyimbo zote zimo ndani ya kompyuta na kwenye flashi. Hata hivyo, DJ akitaka kutoka kwenye wimbo wa Kizambia na kuingia kwenye Bongo Fleva, mkono wake unakwenda kwenye sahani. Anairudisha nyuma kidogo, anaishikilia kwa ncha za vidole, anasikiliza kwa sikio moja lililofunikwa na hedifoni, kisha anaiachia pigo linapofika.

Mkono huo umerithi kazi ya mashine ambayo vijana wengi wa hapa mpakani hawajawahi kuiona ikizunguka: mashine ya santuri. Naandika historia yake kwa sababu naipenda, na kwa sababu maswali iliyoyajibu yangali maswali ya DJ wa Songwe hadi leo. Umeme ukiyumba, wimbo utayumba? Mkono ukigusa sahani, mota itastahimili? Mkono ukiiachia, sahani itaondoka mara moja?

Gramafoni za zamani hazikuwa na haja ya umeme. Ndani ya sanduku mlikuwa na springi. Unaikaza kwa mkono kwa kuzungusha kishikio, nayo inaizungusha santuri mizunguko 78 kwa dakika hadi nguvu iishe. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zao zikaingia kwenye majumba ya mwambao wakati Waswahili wengi hawajawahi kusikia sauti ya mtu wao ikitoka kwenye sanduku. Bara, gramafoni ilisafiri na vibarua. Wanaume wa Unyamwanga, Unyiha na Unyakyusa walikwenda kusini kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na gramafoni ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo kibarua wa mgodini alitamani kurudi navyo kijijini. Wanamwanga hasa hawakuwa wakienda ugenini: mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati yao, na ndugu walibaki pande zote mbili, Tunduma na Nakonde.

Chombo kile cha springi kilifaa mahali pasipo umeme, ila kwa DJ wa leo kingekuwa mateso. Springi inapolegea, wimbo unapungua kasi. Mkono wa chuma ulikuwa mzito na sindano ya chuma ililazimu kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo ingeitafuna santuri. Hakuna aliyefikiria kuigusa santuri ikiwa inacheza.

Baada ya uhuru, njia kuu mbili ziliibadili Tunduma. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo yake huko, ikageukia bandari ya Dar es Salaam, na malori yakaanza kupita hapa usiku na mchana. Kisha ikaja TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Tunduma ni mahali reli inapoiaga Tanzania. Watu hutaja shaba na mafuta wanapoizungumzia njia hii. Mimi huifikiria pia kama njia iliyounganisha nchi mbili zilizokuwa na hali tofauti kabisa za santuri.

Zambia ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri Ndola, cha kampuni ya Teal. Bendi za vijana wenye magitaa ya umeme, kama WITCH na Amanaz, zilitoa albamu ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazinunua kwa bei ya kutisha. Tanzania ilikuwa na muziki wa dansi usio na mfano, ila nyimbo zilirekodiwa kwenye utepe Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Bendi nzima zilisikika redioni kila siku bila mashabiki wao kuweza kununua santuri mpya dukani. Aliyekuwa na pleya alicheza zilezile za zamani hadi mifereji ikawa inakoroma.

Wakati huo huo, huko Osaka, wahandisi wa Matsushita walikuwa wameshalitatua tatizo ambalo hawakujua kuwa ni la ma-DJ.

Pleya za kawaida zilizungushwa kwa mkanda wa mpira uliotoka kwenye mota ndogo pembeni. Mkanda unavutika, na ukiigusa sahani kwa mkono unateleza. Isitoshe, mota nyingi za zamani zilifuata mapigo ya umeme wenyewe, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Hapa ndipo mtu wa Songwe anapoelewa haraka kuliko mtu wa Tokyo. Funga pleya ya namna hiyo kwenye jenereta, kisha washa friji la bia, taa za rangi na amplifaya kubwa. Jenereta ikielemewa, mapigo yanashuka, mota inashuka nayo, na mwimbaji anaanza kuimba kama mtu anayesinzia. Fundi anaweza kuifungua pleya siku nzima asione ubovu, kwa sababu ubovu uko nje, kwenye jenereta.

Mhandisi Shuichi Obata na wenzake waliuondoa mkanda. Mashine yao ya kwanza ya aina hiyo, Technics SP-10, iliingia sokoni mwaka 1970: mota ikakaa chini ya sahani na kuizungusha moja kwa moja. Mwaka 1972 ikatoka SL-1200, iliyokusudiwa mtu wa nyumbani anayetaka sauti safi. Mwaka 1979 ikafuata SL-1200MK2, na hiyo ndiyo mama wa vifaa vyote vilivyoko mezani leo. Ndani yake umeme wa ukutani unageuzwa kwanza, na kasi inalindwa na fuwele ya kwatzi, kwa hiyo jenereta ikihema wimbo hauhemi nayo. Sumaku imefungwa chini ya sahani, hivyo sahani yenyewe ni sehemu ya mota. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, inafikia mizunguko 33 na theluthi kwa muda wa sekunde 0.7. Pembezoni mwa sahani kuna safu za vidoti, na taa nyekundu inayomulika. Kasi ikiwa sawasawa, safu moja ya vidoti inaonekana imesimama tuli huku sahani inazunguka. Kulia kuna kishikio cha kuteleza kinachoongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unaweza kushushwa hadi 92 au kupandishwa hadi 108, na ndani ya nafasi hiyo ndogo nyimbo mbili zinakutanishwa.

Chini, miguu ya mpira na kitako kizito vilizuia mtikisiko wa spika usirudi kwenye sindano na kuzaa mvumo. Zaidi ya mashine milioni 3 za jina hilo zimeuzwa duniani.

Walioigeuza mashine kuwa ala ya muziki walikuwa vijana wa Bronx, New York. Clive Campbell, mhamiaji kutoka Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake tarehe 11 Agosti 1973, na akawa mtu wa kurefusha kipande cha ngoma kwa kutumia nakala mbili za santuri moja. Joseph Saddler, yaani Grandmaster Flash, alihangaika na raba ya chini ya santuri iliyokuwa inaing'ang'ania. Mama yake alikuwa mshonaji. Akakata kitambaa cha felti, akakipiga wanga na pasi hadi kikawa kigumu na laini juu, akakiweka chini ya santuri. Sasa mkono ukaweza kuisimamisha santuri huku sahani inaendelea kuzunguka chini yake. Theodore Livingston, kijana mdogo kuliko wote, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuufanya mkwaruzo wenyewe, ile skrachi, uwe pambo la muziki katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1983 wimbo wa "Rockit" wa Herbie Hancock ukaipeleka skrachi dunia nzima.

Tanzania ilikuwa na historia yake na muziki wa kigeni. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi. Miaka ya 1980 disko zikashika mahoteli na kumbi za miji mikubwa, na bidhaa za nje zilipoanza kuruhusiwa kuanzia 1984 vyombo vikaongezeka. Clouds, ambayo leo wengi wanaijua kama redio, ilianza kama disko la kuhamahama chini ya Joseph Kusaga. Boniface Kilosa, DJ Bonny Luv, alitoka kwenye mashine za disko akawa mtayarishaji katika studio ya Mawingu, mmoja wa watu walioipa rapu ya Kiswahili sauti yake. Radio One ilipoanza mwaka 1994, kipindi cha DJ Show kikaifikisha rapu hiyo mbali na Dar es Salaam. Mbeya, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na eneo lote linaloitwa Songwe leo, ikamtambua Joseph Mbilinyi, aliyeanza kujulikana kama II Proud kisha Mr. II, na miaka mingi baadaye ikampeleka bungeni.

Lakini nje ya miji mikubwa chombo cha kazi kilikuwa kaseti. Ilikuwa rahisi, ikanakiliwa kila mahali, na ilistahimili safari ya lori. Nadhani kaseti ilitunyima kitu kimoja: haishikiki. Huwezi kuirudisha nyuma nusu pigo kwa kidole. DJ wa deki mbili alijua kuzungusha utepe kwa kalamu hadi mwanzo wa wimbo, akabonyeza na kuachia kwa wakati wake, na huo ulikuwa ustadi mkubwa. Ila kizazi kizima cha mikoani kilijifunza kuunganisha nyimbo bila kujifunza kuzigusa.

Mguso ulirudi kwa njia ya kuiga. Mwaka 2001 Pioneer walitoa CDJ-1000, mashine ya CD yenye sahani kubwa juu yake, ili DJ aguse CD kama agusavyo santuri. Mwaka 2004 ikaja Serato Scratch Live: santuri maalumu isiyo na wimbo, yenye mlio tu unaoiambia kompyuta sindano iko wapi na inakwenda kasi gani. Baada ya hapo kontrola za plastiki, kama ile ya ukumbini Tunduma, zikafurika. Dar es Salaam, ma-DJ wa singeli wakaichukua kompyuta na kuvunja ule ukuta wa asilimia 8. Nyimbo zao zinakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, mwendo ambao hakuna mbunifu wa Osaka aliyeuwazia.

Technics yenyewe ilisimamisha SL-1200 mwaka 2010, ikairudisha 2016, mwaka ambao Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa. Mwaka 2019 ikatoa MK7 kwa ajili ya ma-DJ, yenye uwezo wa kupandisha au kushusha kasi kwa asilimia 16 na hata kucheza kinyumenyume. Oktoba mwaka huo huo kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa.

Kijana wa hapa anayetaka mashine mbili za santuri leo ana mambo ya kuyachungulia kabla hajatoa pesa. La kwanza ni kibandiko cha umeme. Technics nyingi zilizotumika hutoka Japani, na za soko la Japani zinatumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua. Zilizotengenezwa kwa masoko mengine nyingi zina swichi ya kuchagua volti, wakati mwingine imejificha chini ya sahani. La pili, asikubali ya mkanda kwa kazi ya skrachi, hata ikiwa nzuri kwa macho. Anyanyue sahani, atazame. Pioneer PLX-1000, iliyotoka 2014, inafuata nyayo za Technics kwa karibu na ni chaguo la heshima. La tatu, mkono wa sindano usiwe na mchezo kwenye maungio yake. Autikise taratibu kwa kidole, ukicheza aiache. Sindano iliyopendwa kuliko zote kwa skrachi, Shure M44-7, haitengenezwi tena tangu kampuni hiyo ilipojitoa kwenye biashara ya sindano mwaka 2018, hivyo anayeuziwa "mpya" aulize imetoka wapi.

Kama pesa inatosha kontrola tu, naye asidharauliwe. Achague yenye sahani kubwa na nzito kadiri awezavyo, maana mkono unajifunza kutokana na uzito.

Jambo moja namwomba kila mwenye mashine. Makabatini Vwawa, Mlowo na Tunduma bado mna santuri ndogo za Maquis, za Mbaraka Mwinshehe, za bendi za Zambia. Skrachi inaulaza uzito mkubwa wa sindano mahali pamoja, ikienda na kurudi hadi mfereji unageuka mweupe, na baada ya hapo pale pana mchakacho tu. Santuri hizo zichezwe mara moja kwa sindano safi na nyepesi, ziingizwe kwenye kompyuta, zifutwe vumbi na kusimamishwa wima kwenye makasha yao. Mkwaruzo ufanyike kwenye nakala.