Uzi Kinyume: RNA ya Ebola na RNA Mjumbe

Ebola ilipotangazwa Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, damu ya kila aliyeshukiwa ilipimwa kwa mashine ya GeneXpert. Kilichosakwa humo kilikuwa RNA ya kirusi. Wanafunzi wa Butembo, wanaosoma baiolojia kwa Kifaransa, huiita ARN. Kitu ni kilekile.

Tumezoea kusikia kwamba RNA ni mjumbe wa DNA. Hiyo ni kazi moja tu. RNA mjumbe hutoa nakala ya jeni kwenye kiini cha seli na kuifikisha kwenye ribosomu. Huko RNA ya ribosomu ndiyo hasa inayounga asidi-amino moja na nyingine mpaka protini ikamilike. Anayezileta ni RNA mchukuzi, na jina linamfaa, maana kila aina ina mzigo wake maalumu: herufi zake tatu zikioana na tatu za mjumbe, mzigo unashushwa. AUG, kwa mfano, huita methionini, na hapo ndipo protini huanzia.

RNA ya Ebola, yenye herufi kama 19,000 na jeni saba, haifanyi hata moja ya kazi hizo. Imeandikwa kinyume, kama maandishi ya muhuri: panapotakiwa AUG, yenyewe ina UAC. Ribosomu haiwezi kuisoma. Kwa hiyo kirusi huingia na kimeng'enya chake, polimerasi, kinachoinakili kuwa RNA mjumbe. Kuanzia hapo ribosomu za mgonjwa, zisizobagua ujumbe, hutengeneza protini za kirusi.

Wataalamu huuita uzi hasi. "Uzi kinyume" ni bora, kwani hasi humpeleka msomaji kwenye umeme.

Mlolongo huu ulijaribiwa kwa dawa huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika utafiti wa PALM ulioanza Novemba 2018. Remdesivir huikwamisha polimerasi. mAb114, kingamwili iliyotokana na manusura wa Ebola ya Kikwit ya 1995, na REGN-EB3 huishika protini ya juu ya kirusi, ile ambayo ribosomu zimekwisha kuitengeneza. Agosti 2019 ulinganisho ulikatishwa mapema, na wagonjwa wakaendelea kupewa hizo mbili tu. Katika siku 28, walifariki asilimia 53.1 ya waliopewa remdesivir, 35.1 ya mAb114 na 33.5 ya REGN-EB3.