Kifafa Hutoka Kwenye Ubongo

Leo tutaangalia ubongo na mishipa ya fahamu, na safari ndefu ya kujua chanzo cha kifafa.

Zamani mtoto akianguka na kutetemeka, watu walitafuta mchawi. Hapa pwani wazee walisema ni nyuni, ndege mbaya aliyempitia mtoto juu. Ukilisikiliza jina degedege utamsikia ndege huyo. Wagiriki wa kale nao waliita kifafa ugonjwa mtakatifu, wakidhani umeletwa na miungu. Lakini yapata miaka 2,400 iliyopita, kitabu kilichohifadhiwa kwa jina la mganga Hippocrates kilikataa. Kilisema ugonjwa huu hutoka kwenye ubongo.

Je, ubongo hufanyaje kazi? Ubongo ndio makao makuu ya mwili. Chini yake unashuka uti wa mgongo, na kutoka hapo mishipa ya fahamu hutapakaa kama nyaya hadi vidoleni. Mishipa mingine hupeleka habari juu, mingine huleta amri chini. Mtoto akikanyaga mwiba, uti wa mgongo huurudisha mguu hata kabla ubongo haujasikia uchungu.

Habari hizo husafiri vipi? Mwaka wa 1791, Luigi Galvani wa Italia aliandika kwamba mguu wa chura aliyekufa hupiga teke mishipa yake ikipata umeme. Mwaka wa 1924, daktari Hans Berger wa Ujerumani alipima umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa, akautangazia ulimwengu mwaka wa 1929. Kipimo hicho, EEG, kinatumika hadi leo. Kilisaidia kuonyesha kwamba wakati wa kifafa, chembe nyingi za ubongo hutoa umeme kwa pamoja kupita kiasi. Amri huvurugika, na mwili hutetemeka.

Dawa ilitangulia kipimo. Mwaka wa 1912, Alfred Hauptmann, pia Mjerumani, alitangaza kwamba fenobabitoni hupunguza kifafa. Dawa hiyo ingali inatolewa hapa Kenya.

Mama, kifafa chaweza kuanzia kwenye shida wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, au kuumia kichwa. Wakati mwingine chanzo hakijulikani. Kifafa hakiambukizi, hata ukiguswa na mate. Kutetemeka kwa sababu ya homa si lazima kuwe kifafa, lakini mtoto huyo naye apelekwe hospitali haraka.

Mtoto akianguka, fanya hivi:
- Ondoa vitu vigumu karibu naye, umlegezee nguo shingoni.
- Mgeuze alale ubavu.
- Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala usimshike kwa nguvu.
- Akizidisha dakika 5, au ikiwa ni mara ya kwanza, mkimbize hospitali.

Akishapewa dawa, usiikatize bila kumwuliza daktari, hata kama amekaa miezi mingi bila kuanguka. Na usimfiche nyumbani. Watoto wengi wenye kifafa wakitumia dawa vizuri husoma na kucheza kama wenzao. Jirani akisema ni pepo, mweleze ulivyosikia leo.