Kabla ya x kulikuwa na "kitu"

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo. Kiasi fulani, ukikijumlisha na moja ya saba yake, unapata 19. Kiasi hicho ni kipi?

Najua wengi mmeshaandika x. Swali hili aliliandika karani wa Misri aitwaye Ahmes, kwenye mafunjo, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na yeye alikuwa ananakili andiko la zamani zaidi. Hana x. Namba asiyoijua anaiita "aha", yaani kiasi, au lundo. Halafu anabahatisha. Tuseme ni 7, maana 7 inagawanyika kwa 7 bila taabu. Saba na moja ya saba yake ni 8. Lakini tunataka 19, basi 19 gawanya kwa 8: unapata 2 na robo na moja ya nane. Zidisha kwa ile 7 ya kubahatisha. Jibu ni 16 na nusu na moja ya nane. Hakikisheni wenyewe.

Mafunjo hayo Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858, na leo yako British Museum, London. Yanajulikana zaidi kwa jina la mnunuzi kuliko la mwandishi. (Hilo nitaliandikia siku yake, maana nitawaka.)

Miaka zaidi ya 2,300 baada ya Ahmes, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Ilikuwa kama mwaka 820. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mirathi: marehemu kaacha mali, kaacha wosia na warithi, kila mmoja apate ngapi? Naye hana x. Fungu lisilojulikana analiita "shay", yaani kitu. Hesabu yote imeandikwa kwa maneno, hata namba. Wataliano baadaye wakatafsiri hivyo hivyo, "cosa", kitu. Hii x ya ubaoni ilienea baada ya kitabu cha Descartes cha mwaka 1637. Juzi tu!

Kwa hiyo huwa nashangaa mtu akisema mafumbo ni mapambo ya aljebra. Mafumbo yalitangulia, herufi ikaja kufupisha maneno. Na hapa Tanzania mtoto aliyefumbua mafumbo kwa Kiswahili shule ya msingi hufika kidato cha kwanza akayakuta kwa Kiingereza. Akikosa, tunasema hesabu zimemshinda. Zimemshinda vipi, wakati hata swali hajalielewa? Al-Khwarizmi aliwaandikia watu wa mirathi na biashara kwa lugha waliyoisoma.

Ahmes ana jingine: kiasi na robo yake ni 15. Bila x tafadhali. Anzeni na 4.